Kamba itangulie juu kabla ya baba

MASIKA yakiingia Kyela, hakuna paa linaloweza kuficha siri zake. Tundu la msumari lililovumilika kiangazi kizima hugeuka bomba, na mama wa nyumba huamka usiku kusogeza vitanda na kutega masufuria. Wilaya hii hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, zaidi ya mara tatu ya zile zinazonyesha Dodoma. Kwa hiyo bati linalovuja hapa si jambo la kusubiri mwezi ujao.

Asubuhi mvua inapotulia kidogo, baba huegemeza ngazi ukutani. Mazungumzo yanayofuata yanajulikana kuanzia Kasumulu mpakani mpaka Matema, chini ya Milima ya Livingstone.

“Baba watoto, si umsubiri fundi?”

“Fundi wa nini? Ni msumari mmoja tu.”

“Bati bado bichi hilo.”

“Wewe nishikie ngazi.”

Mama hushika ngazi. Baba akishavuka kwenye bati, ngazi haimsaidii tena, na mikono ya mama inayoishika haimsaidii tena. Kuanzia hapo kilichobaki kati yake na ardhi ni unyayo wake juu ya bati lenye maji.

Wahenga walisema mchuma janga hula na wakwao. Anayeanguka ni mmoja, lakini mgongo ukivunjika wanaobaki kumgeuza kitandani, kuuza magunia ya mpunga kulipia matibabu na kusimamisha ada ya shule ni familia nzima. Ndiyo maana suala la kazi za juu si la mafundi peke yao. Ni suala la kuzungumzwa mezani, kabla ngazi haijaegemezwa.

Mita tatu zinatosha

Watu wengi huogopa ghorofa na kudharau nyumba ya chini. Hesabu inasema vingine. Mtu akidondoka kutoka mita tatu, urefu wa kawaida wa ukingo wa paa la nyumba ya kijijini, hufika chini kabla sekunde moja haijaisha, akiwa na kasi inayokaribia kilomita 28 kwa saa. Ni kama kugongwa na bodaboda iliyo barabarani. Kutoka mita sita kasi hufika kilomita 39 kwa saa. Muda wa kujishika haupo, na muda wa kupiga kelele haupo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Idadi hiyo inajumuisha wazee wanaoteleza bafuni na watoto wanaodondoka madirishani, lakini wamo pia mafundi wa paa, wapaka rangi na wakwezi wa miti.

Kyela sababu za kupanda hazikosekani. Pesa ya kakao, hasa baada ya bei ya dunia kupaa mwaka 2024, ni pesa inayopenda kugeuka bati. Nyumba za zamani zinaezuliwa, mpya zinapauliwa. Kuna miembe mirefu inayofunika mikakao na kuhitaji kupunguzwa matawi, na kuna michikichi ambayo mikungu yake hukaa juu kabisa. Kila kazi kati ya hizo humpandisha mtu, na mara nyingi humpandisha akiwa na panga mkononi na hana kitu kiunoni.

Kwanza, je, lazima apande?

Kazi ya juu iliyo salama kuliko zote ni ile iliyofanyika chini. Kabla ya kutafuta kamba, familia na fundi wajiulize kama kuna sehemu ya kazi inayoweza kumalizwa ardhini.

Kenchi inaweza kuungwa chini na kupandishwa ikiwa nzima. Bati linaweza kupimwa, kukatwa na kutobolewa chini, ili juu ibaki kazi ya kugongea tu. Gata linaweza kusafishwa kwa fito yenye ndoano. Embe lina ngoe yake na upembo wake tangu enzi za mababu. Mchikichi mfupi huvunwa kwa mundu uliofungwa kwenye fito ndefu, mvunaji akiwa amesimama kando, si chini ya mkungu. Na mkakao uliopogolewa vizuri kila msimu haukui kuwa mrefu kiasi cha kumdai mtu apande.

Bati linalovuja nalo lina njia yake. Katika nyumba isiyo na dari, tundu huonekana kwa ndani, na linaweza kuzibwa kwa muda kutoka jukwaa dogo sebuleni mpaka siku kavu ipatikane.

Pale ambapo lazima mtu apande, jukwaa imara la mirunda, lenye mbao pana na ukingo wa kuzuia, ni bora kuliko ngazi. Lakini kuna kazi ambazo jukwaa halizifikii. Hapo ndipo nanga ya juu inapohitajika.

Nanga kwanza, mtu baadaye

Mvuvi wa Ziwa Nyasa anaijua nanga. Huitia chini ili mtumbwi usichukuliwe na upepo. Mfanyakazi wa juu anahitaji nanga ya namna hiyo hiyo, ila yake hukaa juu ya kichwa, na kazi yake ni kumshika yeye pindi mguu unapoteleza.

Kosa linalorudiwa sehemu nyingi ni hili: fundi anayo kamba, hata mkanda anao, lakini lazima kwanza apande bila kinga ili akaifunge kamba. Anapanda mita tano bila chochote ili aje kuwa salama katika mita ya sita. Njia iliyomwangusha ndiyo ile aliyopita akienda kujilinda.

Kwenye viwanda, maghala na maeneo makubwa ya ujenzi, tatizo hili lina dawa yake. Kuna fito maalumu inayorefuka kama fimbo ya kuvulia, ambayo ncha yake hubeba ndoano pana yenye kufuli. Mfanyakazi husimama chini, huiinua fito mpaka kwenye boriti, huitia ndoano, hujifunga, kisha fito huteremka na kuacha ndoano juu ikiwa na kamba yake. Mtu hujiunganisha akiwa bado ardhini, na kuanzia hatua ya kwanza ya ngazi tayari ameshikwa. Akimaliza, hushuka hadi chini, hujifungua, ndipo fito hurudi kuitoa ndoano.

Kijijini fito ya kiwandani inaweza isipatikane, lakini kanuni yake inafanya kazi kwa uzi na jiwe. Wakata miti stadi duniani kote hurusha mfuko mdogo wenye mchanga uliofungwa kwenye uzi mwembamba, ukapita juu ya tawi nene, ukashuka upande wa pili. Uzi huvuta kamba nene. Kamba ikishapita, watu wawili huivuta kwa nguvu zao zote wakiwa chini. Tawi likilia au likitikisika vibaya, limejibu: hapo hapafai. Ni afadhali livunjike wakati hakuna mtu juu.

Kwenye paa, uzi hurushwa uvuke kofia ya nyumba mpaka upande wa pili. Kamba nene hufungwa kwenye shina la mti mkubwa uliokomaa, au nguzo iliyochimbiwa vizuri, upande ule ambao mtu hafanyii kazi. Kisha kamba huvuka juu ya paa na kumshukia mfanyakazi.

Yapo mambo matano ambayo hayana mjadala:

1. Kamba isifungwe kwenye gari, pikipiki wala trekta. Kuna siku mtu asiyejua atawasha injini.

2. Isifungwe kwenye papi, gata, bomba la maji, nguzo ya veranda wala bomba la nyaya za umeme. Papi ya inchi mbili kwa mbili hubeba bati, haibebi mtu anayedondoka. Viwango vya Ulaya hutaka nanga ihimili nguvu inayolingana na uzito wa kilo 1,200 hivi. Marekani, kwa nanga ambayo haikukokotolewa na mtaalamu, hutaka takriban kilo 2,270 kwa mtu mmoja.

3. Kamba inapopita kwenye ukingo wa bati au kofia, iwekewe gunia lililokunjwa au kipande cha tairi. Bati hukata kamba kama kisu.

4. Fito ya chuma na kamba iliyolowa zikae mbali na nyaya za umeme, angalau mita tatu, na mbali zaidi kwa laini kubwa. Waya ukipita juu ya paa, kazi isubiri TANESCO.

5. Nanga iwe juu ya kichwa cha mfanyakazi au karibu na hapo. Ikiwa pembeni sana, akiteleza atabembea na kugonga ukuta.

Kwa nini juu, si miguuni

Baadhi ya mafundi hujiona wako salama kwa kufunga kamba popote ilipo karibu, hata miguuni. Hesabu ifuatayo ni ya kukaa nayo.

Fundi amesimama ukingoni mwa paa, mita tatu kutoka ardhini. Kamba yake ina urefu wa mita mbili na imefungwa usawa wa miguu yake. Mkanda unamshika mgongoni, mita moja na nusu juu ya miguu. Akidondoka, kwanza mgongo unashuka hiyo mita moja na nusu mpaka usawa wa nanga. Kisha unashuka mita mbili nyingine ndipo kamba inyooke. Kifyonza mshtuko, kama kipo, kinafunguka na kurefuka kama mita moja. Chini ya mgongo kuna miguu, mita moja na nusu. Ukijumlisha, miguu yake imefika mita nne na nusu chini ya pale aliposimama. Lakini ardhi ipo mita tatu tu. Amefika chini akiwa amevaa mkanda, akiwa amefunga kamba, na vyote havikumfaa kitu.

Mtu huyo huyo, akifungwa juu ya kichwa kwa kamba isiyolegea, huteremka kidogo tu kisha husimama. Vifaa ni vilevile na mtu ni yuleyule. Kilichobadilika ni mahali pa nanga.

Kamba gani, mkanda gani

Ufukweni mwa Nyasa kamba hazikosekani. Kuna za nyavu, za mitumbwi, za kufungia mizigo. Kwa kumshika mtu anayedondoka, karibu zote hazifai. Kamba ya plastiki iliyokaa juani hukauka na kukatika bila onyo. Ya katani ikilowa na kukauka mara nyingi huoza ndani wakati nje inang'aa. Kamba ya kazi hii inunuliwe kwa kazi hii, ikiwa na alama ya kiwango na ya uzito inaohimili, itunzwe kivulini, na isiazimwe kufungia ng'ombe wala magunia ya kakao.

Mkanda uwe wa mwili mzima, ule unaopita mabegani, kifuani na mapajani, na kuungwa kwa nyuma kati ya mabega. Mkanda wa kiuno peke yake haukutengenezwa kumshika anayedondoka. Mshtuko wote huenda tumboni na kwenye uti wa mgongo, na mtu anaweza kutoka ndani yake kichwa kikiwa chini. Mkanda au kamba ambayo imewahi kumshika mtu aliyeanguka ikatwe vipande na kutupwa, hata kama haina mkwaruzo. Imeshafanya kazi yake.

Vifaa hivi vina bei, na si kila fundi anaweza kuvinunua peke yake. Lakini mafundi wanne wa kijiji kimoja wanaweza kuchangia seti moja, na mwenye nyumba anayejenga kwa mamilioni anaweza kuiweka kwenye gharama, pamoja na saruji na misumari.

Mchikichi hauna tawi

Mwembe una matawi ya kurushia uzi. Mchikichi hauna. Una shina moja na kichwa cha makuti, na makuti si nanga. Mkwezi hujishika kwa kitanzi kinachozunguka shina na mwili wake. Kitanzi hicho humsaidia kupanda, lakini kama ni kimoja na panga likikigusa, hakuna cha pili.

Kwa hiyo mkwezi awe na vitanzi viwili, ili anapohamisha kimoja kuvuka makuti ya zamani, kingine kibaki kimemshika. Panga liwe na ala na kamba yake fupi. Asipande shina likiwa na maji. Na mchikichi uliozidi mita 15 na wenye shina lililochoka ni afadhali ukatwe na kupandwa mbegu mpya fupi kuliko kumdai mtu kila msimu. Kutoka urefu huo mtu hufika chini kwa kasi ya zaidi ya kilomita 60 kwa saa.

Watoto wasitumwe kabisa. Kijana mwepesi wa miaka 13 hupanda vizuri kuliko baba yake, na ndicho kishawishi chenyewe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kupewa kazi ya hatari. Mwenye kumsifia mtoto kwa kukwea ajiulize atamwambia nini bibi yake akianguka.

Akining'inia, akianguka

Kamba ikimshika mtu, hajaokoka bado. Mtu anayening'inia bila kusogea huku mikanda ikimbana mapaja, damu hubaki miguuni, na ndani ya dakika chache anaweza kuzimia. Kwa hiyo njia ya kumshusha ipangwe kabla hajapanda: ngazi ya pili ipo wapi, nani yupo chini, nani atashusha kamba. Aliye juu awe na kitanzi cha ziada cha kukanyagia, ili asimame na kupunguza mbano akisubiri. Mtu asifanye kazi ya juu akiwa peke yake nyumbani.

Na aliyefika chini asinyanyuliwe kwa mikono na miguu, wala asipakiwe bodaboda akiwa amekalishwa katikati ya watu wawili. Mgongo uliopata ufa unaweza kukatwa uti na msaada wa haraka haraka. Abaki alipo kama hakuna hatari nyingine, kichwa na shingo vishikwe visigeuke, aangaliwe kama anapumua, damu inayotoka ibanwe kwa kitambaa safi. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupigiwa namba 114. Akilazimika kubebwa, awekwe juu ya ubao au mlango, watu kadhaa wamgeuze kwa pamoja kama gogo, apelekwe kwa gari lenye nafasi ya kulaza. Hospitali ya Wilaya ya Kyela na ile ya Kilutheri ya Matema ndizo za karibu kwa wengi. Rufaa ni Mbeya, zaidi ya kilomita 100 za milima kupitia Tukuyu. Umbali huo peke yake ni sababu tosha ya kufunga kamba.

Nani anawajibika

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kuweka mazingira salama na kutoa vifaa vya kujikinga, na inamtaka mfanyakazi kuvitumia. Msimamizi wake ni Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008, hulipia matibabu na fidia ya mwajiriwa aliyeumia kazini, na wategemezi wake akifariki. Zanzibar, wachumaji wanaoanguka kwenye mikarafuu wamekuwa wakipewa fidia kupitia Shirika la Taifa la Biashara, ZSTC.

Ila mifuko hiyo imejengwa juu ya uhusiano unaojulikana kati ya pande mbili. Fundi anayeitwa kwa simu na kulipwa jioni mkononi, au baba anayepanda paa lake mwenyewe, mara nyingi hana mfuko unaomsubiri. Mfuko wake ni mke wake, kaka zake na mchango wa kanisani.

Kwa hiyo mke anapoambiwa “nishikie ngazi”, ana haki ya kuuliza maswali matatu kwanza: Kamba imefungwa wapi? Nani atakushusha ukikwama? Na kwa nini leo, si siku kavu? Aulize kwa upole, bila kumshushia mumewe heshima mbele ya watoto. Mume mwenye busara hatayaona maswali hayo kuwa ni kudharauliwa. Atayaona kuwa ni ya mtu anayetaka ale naye chakula cha jioni.

Majibu yakikosekana, sufuria likae usiku mmoja zaidi chini ya tundu. Maji ya mvua hufagiwa asubuhi.